Kumuuguza mbwa aliyevunjika mguu: kuanzia saa ya ajali mpaka atakapokimbia tena

Wiki ya nne ndiyo iliyonishinda. Bosi, mbwa wangu, alikuwa na plasta kwenye mguu wa mbele, anakula vizuri, mkia unacheza, nami nilishaanza kuzembea. Jioni moja mlango uligongwa, nikaenda kufungua huku kizimba chake nimekiacha wazi. Alipanda kochi achungulie dirishani ni nani, kisha akaruka chini. Hakulia. Alisimama kwa miguu mitatu, ule wa plasta ameuning'iniza, akawa ananitazama. Eksirei ilionyesha kwamba mfupa uliokuwa umeanza kushikana umehama. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma na skrubu, na hesabu ya wiki ikaanza upya.

Naanza na kosa langu kwa sababu nimeshaliona kwa wengi. Kazi ngumu ya kuuguza mbwa haipo siku za mwanzo, analia na nyumba nzima inamhurumia. Ipo pale maumivu yanapokwisha kabla mfupa haujaunga. Mbwa akiona haumwi, kwake amepona.

Kabla hujafika kwa daktari wa mifugo

Mguu uliovunjika haujifichi: mbwa haukanyagi, umevimba, pengine umepinda mahali pasipo na kiungo. Lakini usianze na mguu. Tazama anavyopumua, kisha mwinue mdomo uone fizi. Fizi za mbwa mwenye afya ni za waridi. Zibonyeze kwa kidole: zitakuwa nyeupe, halafu rangi itarudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta ukope wa chini utazame ndani yake. Weupe usioondoka, au rangi inayochelewa kurudi, maana yake huenda anavuja damu kwa ndani, na hapo mguu si tatizo la kwanza tena. Mbwa aliyegongwa na gari anaweza kuwa na pafu lililoumia au kibofu kilichopasuka huku kila mtu anautazama mguu. Ndiyo sababu daktari makini hupiga picha ya kifua kwanza, na anaweza kuuahirisha upasuaji siku moja au mbili mpaka mbwa atulie. Usimwone mzembe.

Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa, hata kama umemlea tangu ananyonya. Maumivu hayamtambui mwenye mbwa. Ila kama anatapika au anapumua kwa shida, usimfunge.

Usiunyooshe mguu. Kama mfupa umetokeza, ufunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya chumvi, usiusukume ndani. Mabanzi ya dharura, hata ya gazeti lililokunjwa, yanafaa tu chini ya kiwiko au chini ya goti, na tena kama mbwa anakubali. Paja usilifunge kabisa: banzi linaloishia katikati ya paja huwa linaishia palepale palipovunjika, na uzito wake unazidi kuuvuta mfupa. Mlaze kwenye ubao au blanketi lililokazwa na watu wawili, mguu mbovu ukiwa juu, mwende. Chakula asipewe njiani, maana huenda akalazwa kwa dawa ya usingizi siku hiyohiyo.

Na dawa ya binadamu, hapana. Parasetamoli inaharibu ini la mbwa na kuifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni. Ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo. Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaifikirii: ukishampa, daktari anaweza kulazimika kusubiri kabla ya kumpa dawa inayomfaa, na mbwa akabaki na maumivu uliyotaka kumwondolea.

Jua ametibiwa kwa njia gani

Uuguzi unategemea kilichoushika mfupa. Plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita POP, lazima ishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika. Bega na nyonga hazifungiki hivyo. Kwa hiyo mfupa wa paja, na ule wa juu wa mguu wa mbele, kwa kawaida hutaka chuma: bamba na skrubu, pini ndani ya mfupa, au vyuma vya nje vinavyopita kwenye ngozi na kuunganishwa kwa fito. Mbwa wadogo sana wenye miguu kama vijiti vya meno wana shida yao. Mfupa wa mguu wa mbele karibu na kifundo hupata damu kidogo, na plasta mara nyingi hushindwa pale. Daktari akikushauri bamba kwa mbwa wa kilo mbili, hajakuza mambo.

Kabla hujaondoka naye, uliza haya na uyaandike: dawa zinaisha lini, plasta inabadilishwa lini, nyuzi zinatolewa lini, picha ya pili inapigwa lini, na je, naruhusiwa kuvinyoosha na kuvikunja viungo vyake? Hilo la mwisho wengi hawaulizi, na kwa mbwa wadogo wa umri linaweza kuamua kama mguu utakunjika tena au la.

Muda? Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anaweza kuunga ndani ya wiki nne hivi. Mbwa mkubwa mwenye afya, wiki 8 mpaka 12. Mzee, au aliyevunjika vipande vingi, hata miezi minne. Siku za kwanza kuna donge la damu tu pale palipovunjika. Kufikia wiki ya pili na ya tatu kunakuwa na kitu kama gegedu, kinachoshika lakini kinapinda. Ndipo chokaa ya mfupa inapoanza kujaa polepole. Lile gegedu likishashika, sehemu mbili za mfupa zinaacha kusuguana na maumivu yanapungua sana, wakati nguvu bado haipo. Rejea kisa cha kochi.

Mahali pa kumlaza

Kizimba, au kona ya chumba iliyozungushiwa uzio mfupi usiorukika. Kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Ukimpa chumba kizima atatembea chumba kizima. Chini tandika godoro gumu kiasi, si laini la kuzama, na sakafu yote anayopita itandikwe kitu kisichoteleza. Vigae vimeangusha mbwa wengi siku ya kurudi nyumbani. Ngazi, kitanda na kochi vimefungwa. Kiweke kizimba mahali anapoona watu. Mbwa aliyetengwa chumba cha nyuma atalia na kukwaruza mlango kutwa, na huko nako ni kujiumiza.

Najua kizimba kinaonekana ukatili. Nilikiona hivyo mimi pia, ndiyo maana kikabaki wazi.

Siku tatu za kwanza

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji atakuwa kama mlevi: atalala sana, atatetemeka, pengine ataguna bila sababu unayoiona. Mpe joto, maji kidogo kidogo, na chakula kama nusu ya kawaida. Asipokula usiku huo si neno. Asipokula baada ya siku mbili, piga simu. Mkojo anapaswa kutoa ndani ya saa 24. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa hadi siku nne au tano, kwa sababu alifunga kula na dawa kali za maumivu hufunga choo. Hilo lisikutie hofu.

Kwenda haja ni kwa kamba fupi, kila mara, hata usiku, hata uani kwako palipozungushiwa ukuta. Dakika tano, mara nne au tano kwa siku, kisha ndani. Kama aliyeumia ni mguu wa nyuma, pitisha taulo chini ya tumbo mbele ya mapaja, ulishike kama mpini wa mkoba. Usimbebe, unamsaidia asianguke tu. Kwa dume angalia taulo lisizibe njia ya mkojo. Kwa mguu wa mbele, mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni ni bora kuliko kumshika shingo.

Barafu ni kwa mguu usio ndani ya plasta wala bandeji nene: siku tatu za mwanzo, imefungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Baada ya hapo unaweza kugeukia kitambaa cha maji ya vuguvugu, ilimradi jeraha halina joto wala usaha. Mbwa mkubwa asiyejiinua mwenyewe mgeuze ubavu kila saa nne, ama atapata vidonda vya kulalia kwenye kiwiko na nyonga.

Plasta na bandeji

Hapa ndipo pa kukaa macho kuliko kwingine kote. Vidole viwili vya katikati huachwa nje ya bandeji makusudi. Asubuhi na jioni nilikuwa nakaa sakafuni, mguu wa Bosi mapajani kwangu, naingiza ncha ya kidole changu katikati ya vile viwili. Vikiwa salama, kucha zinakaa sambamba, karibu kugusana, na ngozi iliyo kati yao ni kavu na ya vuguvugu. Mguu ukivimba ndani ya plasta, kucha zinaachana kama herufi V kabla hujaona kingine chochote. Kucha zikiachana, au vidole vikiwa baridi, hilo si la kusubiri kesho. Plasta iliyobana inaua nyama, na kuna mbwa waliokatwa mguu kwa sababu ya bandeji, wala si kwa sababu ya mvunjiko.

Tumia pua yako pia. Inusie plasta kila siku, juu na chini. Harufu ya mbwa tu, sawa. Harufu ya kitu kilichooza ina maana kuna kidonda au unyevu ndani. Akianza ghafla kuitafuna plasta aliyokuwa amezoea, usimgombeze kwanza. Mara nyingi anakuonyesha panapomchoma.

Ibaki kavu. Akitoka nje kwenye majani mabichi, mvalishe mfuko wa plastiki, akirudi uvue hapo hapo. Wa kwangu niliusahau usiku mmoja. Jasho la vidole na mvuke vililowesha pamba yote kwa ndani, na asubuhi ngozi kati ya vidole ilikuwa nyeupe na laini kama ya mtu aliyefua kutwa. Bandeji iliyolowa hubadilishwa siku hiyohiyo.

Na ikilegea pia. Misuli isiyotumika hunywea haraka, na plasta iliyokaa barabara wiki ya kwanza huwa inacheza wiki ya tatu. Ya Bosi ilikuwa inacheza. Nilikuwa naiona inashuka kidogo kila siku, nikasema tutaenda Jumatatu. Mbwa mkubwa aangaliwe na daktari kila wiki moja hivi. Mtoto wa mbwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa anakua ndani ya kitu kisichokua.

Jeraha la upasuaji na vyuma vya nje

Litazame mara mbili kwa siku, na lipige picha kwa simu, mwanga uleule. Picha ya jana ndiyo itakayokuambia kama wekundu umezidi. Kumbukumbu yako haitakuambia. Uvimbe mdogo na damu iliyovilia vinakubalika siku za kwanza. Uvimbe laini unaweza kushuka mpaka kwenye wayo kwa uzito wake tu. Visivyokubalika ni usaha, joto linalozidi, kingo zinazoachana na harufu. Usipake spiriti wala mafuta yoyote. Asioge mpaka nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14.

Koni ya shingoni haivuliwi "kidogo tu". Nusu saa ya kulamba inatosha kufumua mshono. Atagonga nayo milango na visigino vyako, atazoea. Bakuli la chakula liinue kidogo ili afikie.

Vyuma vya nje huhitaji kusafishwa pale pini zinapoingia kwenye ngozi. Lainisha magamba kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai kisichojaa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pangusa kwa gozi (kitambaa laini cha vidonda), kila pini na kipande chake. Majimaji machache ni kawaida. Majimaji mengi, au mbwa anayeacha kukanyaga, huashiria pini iliyolegea. Fito zizungushie bandeji ili zisinase kwenye nyavu za kizimba, na usikaze skrubu yoyote mwenyewe.

Dawa na chakula

Dawa za maumivu za mbwa, kama karprofeni na meloksikamu, hutolewa pamoja na chakula, kwa kipimo cha uzito wake, na zimalizwe kama ulivyoelekezwa. Wapo wanaozikatiza makusudi ili maumivu yamzuie mbwa kuruka. Huko ni kumtesa, na mbwa anayeumwa hakanyagi, na mguu usiokanyagwa hunywea. Akitapika, akiharisha, au choo kikiwa cheusi kama lami, simamisha dawa na mpigie daktari. Zisichanganywe na steroidi wala mbili za aina hiyo kwa pamoja. Antibayotiki nayo imalizwe.

Chakula punguza karibu robo, kwa sababu hatembei, na kila kilo anayoongeza inabebwa na mguu uleule. Chokaa ya vidonge usimwongezee. Mbwa anayekula chakula kamili tayari anaipata ya kutosha, na kwa watoto wa mbwa wakubwa wa umbo chokaa iliyozidi huharibu ukuaji wa mifupa. Mifupa iliyopikwa ni hatari, huvunjika vipande vikali tumboni. Supu isiyo na vitunguu, sawa. Vitunguu maji na saumu ni sumu kwake. Imani kwamba mfupa huponywa kwa kula mfupa ina wafuasi wengi kuliko inavyostahili.

Kutembea: kidogo, polepole, kwa kamba

Ratiba ya daktari wako iko juu ya hii yangu, kwa sababu yeye ameiona picha. Kwa mbwa mkubwa aliyewekewa chuma, kwa kawaida mambo huenda hivi:

1. Wiki ya kwanza na ya pili: haja tu. Wengi huanza kugusisha ncha ya vidole chini katika kipindi hiki.
2. Wiki ya tatu na ya nne: dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, penye sakafu tambarare.
3. Kuanzia wiki ya tano hadi picha ya pili: ongeza dakika chache kila wiki, ufike 15 au 20. Hakuna kamba ndefu, hakuna mbwa mwenzake, hakuna mpira.
4. Baada ya picha kuonyesha mfupa umeunga: bado kamba kwa wiki mbili tatu zaidi, kisha mwachie kidogo kidogo.

Mwendo ni kila kitu. Ukienda haraka, mbwa ataurudisha mguu juu na kurukaruka kwa mitatu, maana ni rahisi kwake. Punguza mwendo mpaka iwe aibu kwako, hatua moja, nyingine, nawe utaona ule mguu unashuka wenyewe. Siku Bosi alipoukanyaga kwa mara ya kwanza tulikuwa tumetumia dakika tano kutoka mlangoni hadi getini. Kesho yake akichechemea zaidi kuliko jana, jana ulizidisha. Rudi nyuma siku mbili.

Ukishapewa ruhusa ya kunyoosha viungo, mlaze ubavu akiwa ametulia, ushikilie mguu juu na chini ya kiungo kimoja, ukunje taratibu, unyooshe taratibu, mara kumi, kisha kiungo kinachofuata. Mara mbili au tatu kwa siku. Akigeuza kichwa kuutazama mkono wako au akikaza misuli, umefika mwisho, usilazimishe. Mtoto wa mbwa aliyevunjika paja ndiye wa kuangaliwa zaidi: msuli wa mbele ya paja unaweza kunata kwenye mfupa na goti likakauka limenyooka, na hutokea ndani ya wiki chache. Ukiona goti lake halikunjiki kama juzi, mrudishe siku hiyo.

Kichwa chake nacho kinahitaji kazi

Mbwa kijana aliyefungiwa wiki nane bila shughuli atazua shughuli yake. Mpe chakula kidogo kidogo kwa kukitafuta: ndani ya taulo lililokunjwa, kwenye boksi lenye karatasi, kwenye mpira wenye tundu. Mfundishe mambo yasiyohitaji miguu, kama kugusa kiganja chako kwa pua au kutulia mlango unapogongwa (hilo nililifundisha baada ya hasara). Ikishindikana, daktari ana dawa za kumtuliza, na kuziomba si uvivu.

Mrudishe bila kusubiri miadi ukiona

Amekuwa akikanyaga, ghafla hakanyagi tena. Mguu umepinda au umepotoka. Uvimbe mpya, usaha, harufu. Joto la mwili lililopita nyuzi 39.4 kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Vidole baridi. Anahema haraka akiwa amelala. Kwa mguu wenye bamba hata miezi kadhaa baadaye: uvimbe au kijitundu kinachotoa maji juu ya chuma, kwa sababu huenda bamba limeingiwa na maambukizi na sasa litatakiwa kutolewa.

Picha ya mwisho ya Bosi ilipigwa wiki ya kumi na moja tangu upasuaji. Daktari aliniruhusu kumwachia kamba, nami nilikaa na kamba mkononi wiki nyingine tatu. Nilikuwa napima unene wa miguu yote miwili ya mbele kwa futi ya fundi cherehani, pale juu ya kiwiko. Ule uliovunjika ulikuwa pungufu kwa sentimita mbili. Ilipobaki nusu sentimita, nilifungua kamba. Alisimama akaninusa mkono, akaangalia kama ninatania, kisha akaenda kukojolea ua, kwa kutembea.